Fundi Njiani na Bafu la Mama

Fundi Njiani hakuwa mwizi, na hilo tulielewe mapema ili tusije tukamwonea. Hakuwa mlevi wala mvivu, na kazi ya mikono yake ilinyooka mpaka mtu alitamani kuipapasa. Kosa lake lilikuwa moja tu: haji. Ukimpigia simu asubuhi, yupo njiani. Ukimpigia mchana, bado yupo njiani, tena sasa amekaribia. Jioni utampata kwa taabu, na atakueleza kwa sauti ya mtu aliyeonewa jinsi siku ilivyomwendea vibaya. Watu walilisahau jina alilopewa na wazazi wake wakabaki na hilo la Njiani, naye akawa analiitikia bila kinyongo.

Mama Mapazia alizijua sifa zake zote, za mikono na za miguu, na kazi akampa hivyo hivyo. Alijiamini. Yeye ndiye aliyeshona karibu kila pazia lililoning'inia mtaani kwao, na katika kazi hiyo alikwisha kuwanyoosha wauza vitambaa wanaopunja kipimo, na wateja wanaoleta kitambaa leo wakitaka pazia jana. Alikuwa mwanamke wa kusimama mlangoni na mikono kiunoni, na watu wakakumbuka ghafla walichoahidi. Akasema moyoni, huyu naye ni wa kusimamiwa tu.

Kazi yenyewe ilikuwa bafu, na bafu hilo lilikuwa na sababu.

Mama mzazi wa Mama Mapazia alikuwa akiishi kwa mwanawe wa kiume, ghorofani. Nyonga za mama zilikuwa zimechoka. Kutembea alitembea, polepole na kwa kushika ukuta, lakini bafu la huko lilikuwa na kizingiti kirefu na sakafu inayoteleza, kwa hiyo wifi ndiye aliyekuwa akimwogesha. Wifi hakuwa na ubaya hata chembe. Hata hivyo mama alianza kutafuta visingizio vya kutooga, leo mafua, kesho baridi, mpaka siku moja akampigia simu binti yake na kuongea kwa sauti ya chini, asisikike na wenye nyumba.

"Mwanangu, mimi nimezaa, nimelea, nimezika. Leo navuliwa nguo nageuzwa huku na huku. Afadhali ninuke kuliko kusuguliwa kama sufuria."

"Njoo kwangu, mama."

"Kwako si utanisugua wewe."

"Sikugusi. Utaoga mwenyewe, na mlango utaufunga kwa ndani."

"Ukiniahidi hivyo, nakuja."

Mama Mapazia akaahidi. Kaka mtu alikubali kwa shingo upande, kwa sababu kwake mama kuondoka ilikuwa kama kuambiwa ameshindwa kumtunza. Akaweka sharti lake: bafu liwe tayari kabla ya mwezi kuisha, la sivyo mama angepelekwa kwa kaka mkubwa, mbali, kwenye nyumba yenye nafasi na msichana wa kazi wa kumhudumia. Msichana wa kazi, yaani mtu mwingine wa kumvua nguo. Mama Mapazia hakubishana naye. Alikata simu akaenda kumtafuta Njiani.

Alimweleza kila kitu alichotaka. Sakafu ya vigae vya kukwaruza, visivyoteleza hata vikiwa na sabuni. Hakuna kizingiti. Kikalio cha saruji kilichojengewa ukutani, na vyuma vya kushikilia kushoto na kulia. Mlango ufunguke kwa nje, ili mtu akianguka nyuma yake, wa nje waweze kuingia bila kumsukuma kwa mlango. Njiani alisikiliza yote kwa adabu, akapima, akasema, "Mama, hii ni kazi ndogo."

Siku ya kwanza alikuja. Siku ya kwanza huwa anakuja, hapo ndipo anapowapata watu. Alibomoa bafu la zamani lote kabla ya jua kukaa sawasawa, akatoa vifusi, akajenga kikalio, akasawazisha sakafu kwa saruji. Mama Mapazia alisimama mlangoni akiona raha. Jioni Njiani alinawa mikono, akaisimamisha pima maji yake pembeni ya ukuta, ile ndefu ya chuma ambayo kiputo chake humwambia fundi kama kazi imelala sawa, akasema, "Hii naiacha hapa. Mtu haachi pima maji mahali ambapo harudi."

Saruji ikakauka, Njiani asirudi.

Yaani alirudi, lakini alirudi kuangalia. Njiani alikuwa na ziara zake hizo za kuangalia. Anaingia, anasalimia kwa heshima zote, anaulizia afya ya kila mtu, kisha anachuchumaa bafuni na kutazama sakafu kama mtu anayesoma gazeti. Anagonga hapa, anapapasa pale. "Imekauka vizuri sana, mama." Anainuka, anaaga. Maboksi ya vigae yalikuwa yamepangwa koridoni yakimtazama, naye akayapita. Mama Mapazia alimsimamia kama alivyozoea kusimamia watu, lakini huwezi kumsimamia mtu anayetazama tu. Alimkaripia, akakubali makosa. Alimtisha, akaomba radhi. Mtu akikukubalia kila neno, hasira yenyewe inakosa pa kukaa.

"Kesho unakuja na vifaa?" alimuuliza.

"Kesho naja, mama. Ukinipigia utanikuta nipo njiani."

Hapo ndipo alipoamua kumwachisha kazi. Akamwita fundi mwingine, mtu mzima mwenye kofia ya sufu na maneno machache. Fundi huyo aliingia bafuni, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kazi aliyoikuta, akaanza kukunja mikono ya shati. Kisha akaiona pima maji pale pembeni. Akaishusha mikono ya shati, akafunga vifungo.

"Mama, hii nyumba ina fundi."

"Alikuwepo. Nimemwachisha."

"Kifaa chake kimesimama hapo. Sisi hatuingii kwenye kazi ya mtu kifaa chake kikiwa ndani."

"Basi nakitoa nje sasa hivi."

"Wewe hukitoi. Anakitoa mwenyewe." Alisema bila ukali, kama mtu anayeeleza kwamba maji huteremka. "Ukikitoa wewe, umemnyang'anya. Na mimi nikiingia, nimemnyang'anya pamoja nawe. Halafu kesho nami nitaacha changu wapi?"

Akaaga na kuondoka. Waliofuata wakafanya vile vile. Mmoja hakufika hata bafuni. Alichungulia tu kutoka koridoni, akaona rangi nyekundu aliyopaka Njiani kwenye vifaa vyake vyote visichanganyike na vya wenzake, akageuza. Mama Mapazia alibaki anaitazama ile pima maji kwa chuki safi. Chuma kimesimama kimya pembeni, na kumbe kilikuwa kinalinda nyumba kuliko mbwa.

Jioni hiyo kaka yake akapiga simu. "Jumamosi namleta mama. Nikikuta shimo, nageuza naye hapo hapo."

"Utakuta bafu," alimjibu, akakata simu.

Kesho yake alikuwa na mapazia ya kutundika kwa mwalimu mstaafu, mzee mpole aliyeishi na mkewe mitaa michache kutoka kwake. Kazi ya mapazia ina faida hii, kwamba unaingia nyumba za watu na kuona wanavyoishi kweli, si wanavyosema. Alipopita kwenda kunywa maji aliona jiko la mwalimu limevuliwa. Kuta uchi, sinki limelazwa chini, na mke wa mwalimu akipikia barazani nyuma kama yupo safarini. Sakafuni, ndani ya gunia lililofunuliwa upande mmoja, kulikuwa na mashine ya kukata vigae. Mpini wake ulikuwa mwekundu.

"Mwalimu," aliita, "hii mashine ni ya nani?"

Mwalimu alikuja, akavua miwani, akaifuta bila sababu. "Ya fundi mmoja. Ameiacha kama dhamana ya kurudi. Nilimfundisha darasani huyo. Nikitaka kumgombeza ananiita mwalimu, naishiwa nguvu."

"Yupo njiani?"

"Wakati wote."

Mama Mapazia alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka mke wa mwalimu akaja kutoka barazani na mwiko mkononi kuangalia kuna nini. Sasa alielewa kwa nini Njiani huja kuangalia tu. Vigae vyake vingekatwa na nini, ikiwa mashine imewekwa hapa? Na jiko la mwalimu lingesawazishwa na nini, ikiwa pima maji ipo kwake? Fundi wa watu hakujua kumkatalia mtu kazi. Alikubali zote, na ili asifukuzwe popote aliacha kifaa kila nyumba, kipande kipande, mpaka mikononi mwake hakikubaki kitu. Akikichukua kwa mmoja, huyo ataona ameachwa na kuleta fundi mwingine. Kwa hiyo hakichukui. Anazunguka siku nzima kati ya vifaa vyake mwenyewe, mikono mitupu, akiangalia.

"Vyuma vya ukutani," alimuuliza mwalimu, "angevitoboleaje? Drili yake ipo wapi?"

Mwalimu alikuwa anajua. Drili ilikuwa kwa kinyozi, barabara kuu, karibu na duka la dawa. Mama Mapazia aliinuka akakung'uta gauni. "Vaa viatu, mwalimu. Tunakwenda kunyolewa."

Kwa kinyozi hali ilikuwa ya kuchekesha kwa kila mtu isipokuwa kinyozi. Vioo vipya vilikuwa vimeegemezwa chini, kwa sababu hakuna aliyevitobolea ukuta, na mteja aliyekuwa kitini alikuwa ameshikilia kioo kidogo mapajani ajitazame mwenyewe. Drili ya mpini mwekundu ilikaa kwenye rafu kati ya chupa za mafuta. Kinyozi alikuwa kijana mnene, mcheshi, mwenye mdomo usiopumzika, na alikiri bila aibu kwamba Njiani akija kuangalia, mwishowe huondoka amenyolewa bure.

Mama Mapazia alisubiri mteja atoke, kisha akawaeleza wote wawili alichokigundua. Kinyozi alijipiga paja. Mwalimu alivua miwani tena.

"Vifaa vyote vikae nyumba moja," alisema Mama Mapazia. "Si kumnyang'anya, ni nyumba yenye kazi yake. Yeye atakuja mwenyewe, maana hatakuwa na pengine pa kwenda. Amalize hapo, ahamie nyumba ya pili, halafu ya tatu. Na mimi nitamsimamia kila nyumba mpaka mwisho. Wewe, mwalimu, unamwonea huruma. Wewe, kinyozi, anakuchekesha. Mimi hanichekeshi. Cherehani yangu inabebeka. Nitashonea jikoni kwako, nitashonea hapa dukani, mpaka kigae cha mwisho na msumari wa mwisho."

Wazo liliwaingia. Wote walijua kwamba walichokosa si fundi bali msimamizi wa aina ya Mama Mapazia.

"Sawa," alisema kinyozi. "Tunaanza kwangu."

"Tunaanza kwangu," alisema Mama Mapazia.

"Kwa nini kwako? Mimi napoteza wateja. Mwalimu mkewe anapikia nje. Wewe una bafu tu. Si uoge kwa jirani?"

Hakuwa amesema kwa ubaya, lakini maneno yalimchoma. Jibu alikuwa nalo, tena la kuwanyamazisha wote wawili. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu na kusema, mama yangu hajiwezi, anaona aibu kuogeshwa. Wangempa vifaa hapo hapo na pole juu yake. Na kesho habari za mama kuogeshwa zingekuwa zinanyolewa pamoja na ndevu katika kiti hiki. Mama alikimbia macho ya mtu mmoja; yeye ampeleke mbele ya mtaa mzima? Alimpenda mama yake kupita bafu lolote, na kwa ajili hiyo hiyo aliifunga midomo yake. Ilikuwa shida kuifunga. Alikuwa mtu wa kusema.

"Nina sababu," alisema, "na siisemi."

Kinyozi akaangua kicheko. "Hiyo nayo ni sababu?"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anamtazama Mama Mapazia kwa namna ya walimu, ya kusubiri. "Mlango wa bafu lako," aliuliza, "unafungukia ndani au nje?"

"Nje."

"Na kizingiti?"

"Sikuweka kizingiti."

Mwalimu alivaa miwani yake. "Mama yetu mzaa chema tulimuuguza pale kwangu," alisema. Kisha akamgeukia kinyozi. "Mashine ya vigae iliyoko kwangu inakwenda kwake leo. Nawe mpe drili. Mimi nitakuwa wa tatu, mke wangu nitamweleza."

Kinyozi aliwatazama kwa zamu, huyu na yule. "Mimi sijaelewa kitu," alisema, "lakini naona watu wazima mmekubaliana." Akaishusha drili kutoka rafuni, akaipangusa mafuta ya nywele, akamkabidhi.

Asubuhi iliyofuata Mama Mapazia alipofungua mlango kufagia, Njiani alikuwa ameshafika. Hakupigiwa simu wala hakuitwa. Alisimama kizingitini kofia mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi kutoka safari akakuta kwao kumehamwa.

"Mama, nimesikia vifaa vyangu vipo kwako."

"Vipo. Ingia."

Mama Mapazia alikuwa amevipanga sebuleni juu ya gazeti: pima maji, mashine, drili, na vingine vidogo vidogo alivyovikuta huko. Njiani alichuchumaa mbele ya vifaa. Alishika kimoja, akakiweka, akashika kingine. "Sijaviona pamoja siku nyingi," alisema taratibu. Mama Mapazia alikuwa ameandaa hotuba, na ilikuwa kali. Akaiona haina kazi.

"Kwa nini unajifanyia hivi?" alimuuliza.

"Nikiacha kifaa, mtu hanifukuzi."

"Hakuna aliyekusubiri kwa ajili ya kifaa. Watu wanakusubiri kwa sababu hakuna anayeweka kigae kama wewe. Ungesema hapana nyumba mbili, nyumba ya tatu ingekungoja mwaka."

Njiani aliinama. "Kusema hapana kunanishinda, mama."

"Basi nitakusemea mimi. Kuanzia sasa mtu akikupigia, mwambie aongee na mimi. Sasa inuka."

Akainuka. Na alipoanza kazi, wallahi ilikuwa raha kumtazama. Mashine ililia, vumbi likapanda, vigae vikakatwa vikaingia mahali pake kama vimezaliwa hapo. Mama Mapazia alileta cherehani yake koridoni akashona akimtazama kwa jicho moja. Simu ya Njiani ililia mara nyingi. Kila ilipolia alimpa yeye, naye akajibu, "Hayupo njiani. Yupo kazini," na kukata. Njiani alicheka peke yake kule ndani, akasikika akipiga mluzi.

Jumamosi kaka aliingia amemshika mama mkono kabla hata chai ya asubuhi haijatengwa. Alimkalisha kitini, akaenda moja kwa moja bafuni kukagua. Vigae vilikuwa tayari, mlango ulikuwa tayari, maji yalitoka. Lakini vyuma vya kushikilia vilikuwa bado vimelala sakafuni, na fundi amekaa karibu navyo na drili.

"Nilijua tu," alisema kaka. "Hivi navyo?"

"Vinamsubiri mwenyewe," alisema Mama Mapazia. "Nani anajua mkono wake unafika wapi? Wewe unajua?"

Kaka hakujua. Mama mwenyewe alikuwa ameshainuka akishika ukuta, na akapita katikati yao kama wapo kwenye foleni. Aliingia bafuni na gauni lake la safari, akakaa kwenye kikalio, akamtazama Njiani juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Njiani?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Umefika?"

"Nimefika, bibi."

"Haya. Andika hapa." Alinyoosha mkono wa kulia kama mtu anayetaka kuinuka, akaweka kiganja ukutani. Njiani akapiga alama ya penseli. "Na hapa, huku ndiko kwenye nguvu. Hapo juu sana, mimi si twiga. Shusha. Shusha tena." Aliinuka na kukaa, akaigiza kugeuka, akaigiza kuinamia ndoo, na kila mahali mkono ulipotafuta kitu, aliagiza alama. Hakuona aibu hata kidogo. Ilikuwa zamu yake kuwa na mikono kiunoni, na Mama Mapazia akiwa mlangoni aliona waziwazi alikoitoa tabia hiyo.

Drili ilinguruma, vyuma vikafungwa. Mama alimwita mwanawe wa kiume. "Ning'inia hapa." Kaka aliona haya, lakini akaning'inia, mtu mzima na suruali yake ya kupigwa pasi, miguu imekunjwa hewani. Chuma hakikutikisika. "Basi," alisema mama. "Sasa tokeni wote."

Njiani alikusanya vifaa vyake, vyote, hakuacha hata penseli, akaenda navyo kwa kinyozi. Kaka alikaa kidogo, akanywa chai, akasema bafu si baya. Kisha akaaga. Mlangoni alimshika dada yake bega, na dada mtu akaelewa kwamba begi la nguo za mama linabaki.

Mchana mama aliomba taulo. Mama Mapazia alimpa, akampa na sabuni, akataka kumpa na mkono, mama akaupita. Alitembea kwa kushika ukuta mpaka bafuni. Akavuta mlango. Komeo likaingia kwa ndani, taratibu, likatulia.

Maji yakafunguliwa. Mama Mapazia alisimama pale pale koridoni, sikio karibu na ubao. Alisikia ndoo ikisogezwa. Alisikia pumzi ya mtu anayekaa kwa uangalifu. Kisha hakusikia kitu. Aliwaza sabuni, aliwaza nyonga, aliwaza saruji jinsi ilivyo ngumu. Aliweka kiganja mlangoni. Mwezi mzima alikuwa amesimamia kila kitu na kila mtu, na kwa kusimama hivyo ndivyo alivyofika hapa.

"Wewe mtoto," ilisema sauti kutoka ndani.

"Naam, mama."

"Nasikia unavyohema. Toka hapo mlangoni."

"Nipo tu, mama, nikifagia."

"Huna ufagio. Uliniahidi."

Kweli alikuwa ameahidi. Aliutoa mkono mlangoni. Miguu ilikuwa mizito kuliko siku yoyote aliyoikumbuka, lakini aliipeleka, koridoni, sebuleni, mpaka kwenye cherehani. Akakaa. Hakuwa na kazi yoyote ya kushona saa hiyo. Aliinamisha kichwa, machozi yakimdondokea mikononi, akazungusha mkono wa cherehani kwa nguvu bila kitambaa chini ya sindano, ili mama asikie kwamba yuko mbali.